Geno kurudi na Ben Williamson kushushwa Tacoma: hivi tulifanya sawa kweli?

baharia_kent:

Wakuu habari za huko mliko. Najua wengi hapa ni watu wa mpira wa miguu lakini nimeona tupo kadhaa tunaowafuatilia Mariners wa Seattle, timu ya besiboli ya Marekani, na leo tarehe 21 Agosti 2025 timu imepumzika baada ya ile safari ya mashariki, kwa hiyo naandika hiki kitu ambacho kinanikaa rohoni tangu Philadelphia.

Kwa ambao hawajafuatilia nianze hivi. Kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa tarehe 31 Julai uongozi ulifanya kitu ambacho mimi sijawahi kuona hii timu ikifanya, wakaenda Arizona wakachukua watu wawili wa kupiga ndani ya wiki moja. Kwanza Josh Naylor wa besi ya kwanza, tukatoa warushaji wawili vijana, Brandyn Garcia na Ashton Izzi. Halafu Eugenio Suárez wa besi ya tatu, Geno wetu yule yule aliyekuwa hapa 2022 na 2023, kwake tukatoa Tyler Locklear, Juan Burgos na Hunter Cranton. Alipofika alikuwa na homurani 36 (mpira unaopigwa ukavuka ukuta) na ndo aliyekuwa anaongoza ligi nzima kwa kuingiza wenzake, pointi 87. Mtu mwenyewe Aprili alipiga homurani 4 kwenye mechi moja dhidi ya Atlanta! Sasa mtu kama huyo akirudi nyumbani unasema nini zaidi ya karibu.

Ili apate nafasi ikabidi Ben Williamson, kijana aliyekuwa anacheza besi ya tatu, ashushwe Tacoma kwenye timu yetu ya chini. Na hapa ndo penye swali langu.

Mechi 10 za kwanza nyumbani tulipoteza 1 tu, mji mzima ulikuwa juu, tarehe 9 Agosti jezi namba 51 ya Ichiro, nguli wetu wa zamani, ikastaafishwa, kila mtu anaongea habari za World Series, yaani fainali ya ubingwa. Halafu tukapanda ndege. Baltimore, New York, Philadelphia, tukashinda 2 kati ya 9, na Phillies wametupiga zote tatu, ile ya mwisho 11 kwa 2. Na Geno kwenye hizo mechi zote anasimama pale katikati ya safu ya wapigaji, kuna watu kwenye besi, anazungusha gongo kwa nguvu zake zote, straiki tatu, ametolewa, anarudi kukaa. Tena na tena. Huku kwenye besi ya tatu mipira ambayo Ben alikuwa anaidaka amepiga goti mmoja sasa inapita kushoto inaenda nje.

Mi bado naamini kumleta Geno ilikuwa sawa, sijabadilika. Ila nauliza, kwanini lazima iwe mmoja au mwingine? Polanco alisajiliwa kucheza besi ya tatu mwili ukamkatalia, yuko pale kupiga tu, kwa hiyo hatuna mtu wa kweli wa kudaka upande ule mechi ikifika iningi ya 8 kati ya 9 tunaongoza kwa 1. Ben ange­baki benchi kwa kazi hiyo tu si ingetosha? Na je kocha Dan Wilson amshushe Geno kwenye mpangilio wa wapigaji au amwache ajitafute? Houston wako juu yetu kidogo tu, hakuna muda. Nataka kusikia mawazo yenu, hasa nyie mnaoangalia kila mechi.

MzeeWaTukwila:

Kijana wangu nimesoma yote, na naelewa unavyojisikia maana mimi timu hii naijua tangu enzi za uwanja wa Kingdome kabla hawajaubomoa.

Nikwambie kitu kuhusu Julai ya hii timu. Mwaka 1997 tulikuwa na Ken Griffey mwenye homurani 56, Randy Johnson, Edgar Martinez, Alex Rodriguez akiwa bado mtoto, timu ya kuogopwa, kilichokosekana ni mtu wa kufunga mechi mwishoni, warushaji wetu wa akiba walikuwa wanamwaga kila kitu. Uongozi ukaingia hofu. Tarehe 31 Julai ile wakampeleka Jason Varitek na Derek Lowe Boston, WOTE WAWILI, kumchukua mtu mmoja anaitwa Heathcliff Slocumb. Siku hiyo hiyo wakampeleka José Cruz Jr. Toronto kutafuta warushaji wengine. Tulishinda kundi letu ndio, halafu Baltimore wakatutoa raundi ya kwanza. Na mwaka 2004 Boston walipomaliza miaka 86 bila ubingwa, aliyekuwa anadaka nyuma ya mpigaji ni Varitek, na mrushaji aliyehesabiwa ushindi wa mechi ya kumalizia kwenye kila raundi, zote tatu, ni Derek Lowe. Watu wa Seattle wa umri wangu ukiwatajia jina la Slocumb wanakunja uso mpaka leo.

Sasa angalia chipukizi wetu mwaka huu. Colt Emerson yupo. Lazaro Montes yupo. Jonny Farmelo yupo, Harry Ford yupo, Jurrangelo Cijntje yule anayerusha kwa mikono yote miwili yupo, na Kade Anderson waliyemchagua wa tatu kwenye drafti ya chipukizi mwezi uliopita yupo. Umepata Naylor na Geno na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeondoka. Mimi sijaona Julai kama hii, labda 1995 tulipomchukua Andy Benes na baadaye Vince Coleman, Griffey akiwa ndo anarudi kutoka kuvunjika mkono, tulikuwa nyuma ya Angels michezo 13 mwanzoni mwa Agosti na tukawafikia.

Kwa hiyo kuhusu Geno, subira. Mechi 9 mbaya zisikufanye ukasahau tulikotoka.

njeri_wa_renton:

Heshima kwako mzee, na ile hadithi ya 97 nimeisikia kwa watu wengi na inauma kila mara. Lakini mi nitaongea ile watu hawataki kusikia. Shida yetu si Geno, shida ni bulpeni, wale warushaji wa akiba, na hiyo ndio decision ya Julai nitawalaumu nayo.

Ebu angalieni wenzetu walifanya nini. Philadelphia walimchukua Jhoan Duran kutoka Minnesota. San Diego wakatoa Leo De Vries, chipukizi wao nambari moja, wakapata Mason Miller. Mets waliongeza watatu, Ryan Helsley, Tyler Rogers na Gregory Soto. Yankees wakachukua David Bednar. Sisi? Caleb Ferguson kutoka Pittsburgh. Sisemi ni mbaya, tulihitaji mtu wa mkono wa kushoto na anafanya kazi yake, lakini baada ya Andrés Muñoz na Matt Brash nani mwingine unamwamini kuingia na watu wawili kwenye besi? Bazardo na Speier wametumika mpaka nawaonea huruma.

Na hii inaunganika na ile swali lako ya Ben. Warushaji wetu wakipigiwa mpira wa chini wanategemea wenzao waokote. Ukiondoa mikono bora kwenye besi ya tatu, wale warushaji wanarusha mipira mingi zaidi, wanachoka mapema, na bulpeni inaingia iningi ya 6 badala ya 7. Ni kitu moja inavuta ingine. Kwa hivyo naunga mkono Ben arudi, lakini si kwa sababu Geno hapigi. Hata kama Geno angekuwa anapiga kila siku bado ningetaka Ben kwa iningi mbili za mwisho.

Ile inaniudhi kabisa ni watu wanasema eti mabosi wetu Dipoto na Hollander wamemaliza kazi. Houston walimrudisha Carlos Correa siku ya mwisho! Correa, nyota wao wa zamani, yule yule. Wao hawakulala.

usiku_wa_Dar:

Mimi niko Dar huku mechi za nyumbani za Seattle zinaanza kwenye saa kumi na moja alfajiri hivi, kwa hiyo naangalia kabla ya kwenda kazini, na hizi za mashariki zilikuwa saa nane usiku na nimeziangalia kadri nilivyoweza kwa hiyo nina haki ya kusema.

Nianze na Naylor kwanza maana naona tumempita haraka na kwangu mimi ndiye mchezaji ambaye amenifanya nirudi kuipenda hii timu. Jamaa ana mwili mkubwa, ni kati ya watu wazito kukimbia kabisa kwenye ligi nzima, halafu ANAIBA BESI. Anamsoma mrushaji, anajua lini mguu utanyanyuka, anaondoka, na mdakaji wa upande wa pili anabaki anashangaa kwamba huyu kweli ndo kakimbia. Hiyo ni akili tupu. Halafu akiwa anapiga hatolewi kwa straiki kirahisi, anagusa mpira, anauweka mahali. Sisi miaka yote hii tatizo letu limekuwa wapigaji wanaotaka homurani au hakuna kitu, Naylor ni tofauti kabisa na sote tulivyozoea. Kama kuna pesa ya kumbakiza, mkataba wake unaisha mwisho wa msimu huu, wampe. Nasema wampe.

Sasa Geno. Baharia_kent kumbuka msimu uliopita akiwa Arizona, mpaka Juni watu walikuwa wanataka akae benchi, wastani wake ulikuwa chini kabisa, halafu kuanzia Julai akawasha moto akamaliza na homurani 30. Ndivyo alivyo. 2023 akiwa kwetu alitolewa kwa straiki tatu mara 214, aliongoza American League, na ndo maana waliona heri wamwachie aende Arizona, ukiongeza na mambo ya kubana matumizi, maana waliopatikana kwa ajili yake walikuwa Seby Zavala na Carlos Vargas tu. Kwa hiyo uongozi ulijua kabisa wananunua nini mara ya pili. Ukimchukua Geno unachukua wiki mbili za giza na wiki moja ambayo anakushindia mechi nne peke yake. Hatujaiona hiyo wiki bado. Pia siku chache tu kabla hajaja kwetu alipigwa na mpira mkononi kwenye mechi na Detroit, picha zilionyesha hakuna kilichovunjika lakini mtu anayeshika gongo akipigwa mkononi sidhani kama anakuwa sawa kesho yake.

Tatizo ni uwanja pia. T-Mobile Park hewa ya baharini ni nzito na baridi, mpira ambao Phoenix unaruka ukuta Seattle unadakwa.

njeri_wa_renton:

@usiku_wa_Dar nakubali ya Naylor mia kwa mia, wampe mkataba. Lakini ya uwanja sikubali, Baltimore na Philadelphia si T-Mobile Park, huko mpira unaruka vizuri sana na bado hakupiga.

usiku_wa_Dar:

Hapo sawa dada. Ya uwanja tuiache, ila ya mkono nabaki nayo.

mama_amani253:

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mukongomani naishi Tacoma, mutoto wangu wa kwanza anacheza besiboli shuleni na ni yeye njo alinifundisha hii mucheza, sasa mimi napenda kumupita. Tunaendaga Cheney Stadium kuangalia Rainiers, ile timu ya chini ya Mariners, tiketi si bei kali kama Seattle, na unaona vijana karibu kabisa.

Ben Williamson tunamuona kule. Anacheza vizuri, hajanuna, anafanya kazi. Mutoto wangu anamupenda juu ya mikono yake, vile anakimbilia mpira ule mudogo wenye unakufa mbele ya besi ya tatu, anaubeba na mukono mumoja na kuutupa bila kusimama. Lakini niwaambie kweli, kwenye kupiga yeye iko bado. Msimu wote juu kule alipiga homurani 1 tu. Timu yenye inataka kwenda mbali haiwezi kuwa na mutu wa homurani 1 kwenye besi ya tatu kila siku, hapana. Uongozi uliona hiyo, na mimi siwezi kuwalaumu. Kumuweka benchi Seattle akae tu bila kupiga siku tano siku sita, kijana wa vile anapotea. Kule Tacoma anapiga kila siku, anajifunza.

Mwenye mimi nataka wapandishe ni mwingine: Harry Ford, mudakaji kijana. Tarehe 1 Septemba kikosi kinaongezeka kutoka watu 26 kwenda 28. Cal Raleigh, mudakaji wetu, iko na homurani 47, amebakisha 1 kufikia zile 48 za Salvador Perez za 2021, na hakuna mudakaji alishapiga zaidi ya hizo. Lakini mutu mwenye anadaka karibu kila siku, anachuchumaa iningi 9, alienda Atlanta akashinda shindano la homurani mwezi wa saba, akarudi akaendelea kuchuchumaa, hata wakimupumzisha wanamuweka apige tu. Magoti ni magoti. Mumulete Ford, adake hata mara mbili kwa wiki, Cal apige bila kudaka, na Garver awe mudakaji wa tatu. Nafasi ya pili kati ya zile mbili, apewe Ben kwa ile kazi ya mwisho wa mechi. Hapo watu wote wanapata jibu yao na hakuna mutu anakatwa.

baharia_kent:

Mama Amani, nimesoma mara mbili. Hiyo ya Septemba sikuwa nimeiweka pamoja namna hiyo, kwamba nafasi mbili zinakuja bila kumtoa mtu, Ford moja Ben moja. Hiyo naipenda sana. Ingawa Njeri atasema moja iende kwa mrushaji.

njeri_wa_renton:

Sheria haikubali warushaji zaidi ya 14 Septemba. Moja itaenda kwa mrushaji, moja kwa mchezaji wa kawaida, hiyo ndio timu zote hufanya. Kwa hivyo mtachagua: Ford au Ben. Na Victor Robles yuko karibu kurudi kutoka ile jeraha ya bega, aliumia Aprili pale San Francisco akidaka mpira kwenye wavu, kwa hivyo lazima mtu atoke hata kabla ya Septemba. Mama pole lakini hesabu ndio hiyo.

MzeeWaTukwila:

Basi mimi nachagua Ford.

Na nielezeni kwanini hakuna aliyemtaja Graveman. 2021, usiku wa tarehe 26 Julai, tulitoka nyuma tukawashinda Houston 11 kwa 8, Dylan Moore alipiga homurani besi zote zikiwa zimejaa, uwanja ulilipuka. Kesho yake wakampeleka mfunga mechi wetu Kendall Graveman kwa HAO HAO Houston, wakiwa bado hapa mjini kwenye mfululizo huo huo. Wachezaji walikasirika na hawakuficha. Tulimaliza na ushindi 90 tukakosa mchujo kwa michezo 2. Halafu 2023 wakarudia, mfunga mechi Paul Sewald akapelekwa Arizona, tukakosa kwa mchezo 1, na Arizona wakaenda World Series. 2024 wakaleta Randy Arozarena na Justin Turner, tukakosa tena kwa mchezo 1. Ni 2022 tu walipomleta Luis Castillo kwa bei kubwa, Noelvi Marte na wenzake, ndo tukavunja ile miaka 21 ya kukosa mchujo, Cal akapiga ile homurani ya usiku wa tarehe 30 Septemba dhidi ya Oakland.

Mwaka huu Muñoz hawakumgusa. Njeri, unaweza kusema bulpeni haikuongezwa vya kutosha na una haki, lakini haikuvunjwa. Na Bryce Miller amerudi, kwa hiyo sasa una warushaji wa kuanza mechi, Gilbert, Kirby, Woo, Castillo na Miller, wote wazima kwa mara ya kwanza msimu huu. Ikifika Oktoba huwezi kutumia watano, mmoja anaingia bulpeni. Huo ndo usajili wako mwingine.

njeri_wa_renton:

Mzee hiyo point ya mmoja kuingia bulpeni Oktoba ni nzuri, nakupa. Lakini lazima tufike Oktoba kwanza. Timu hii ndiyo pekee kati ya 30 ambayo haijawahi kucheza World Series hata mara moja, mimi nimechoka kuambiwa nisubiri. Sitaki tukose kwa mchezo 1 tena juu ya mtu alipoteza mechi iningi ya 7 mwezi wa nane.

usiku_wa_Dar:

Kuhusu mpangilio wa wapigaji maana hakuna aliyejibu swali la kwanza la baharia_kent vizuri: mi ningemweka Geno wa 6 au wa 7, si adhabu, ni kumpunguzia. Julio, Cal, Naylor wafuatane, Polanco nyuma yao maana anapiga pande zote mbili, Arozarena baada yake, ndo Geno. Hapo akija mara nyingi atakuta mrushaji ameshachoka na kurusha mipira mingi kwa Naylor na Polanco. Dan Wilson ni mtu wa subira, alikuwa mdakaji mwenyewe, hapendi kubadilisha watu kila siku, lakini hili si kubadilisha mtu, ni kumsogeza.

baharia_kent:

Hiyo naikubali. Wa 6. Mpaka kikosi kiongezeke aendelee kucheza kila siku, na tukiwa tunaongoza iningi ya 8 na 9 mtu mwingine adake, hata kama ni Leo Rivas akiwepo kikosini, sio lazima awe Ben.

Njeri mi nadhani wewe na mimi tunaogopa kitu kimoja ila tunakitazama sehemu tofauti. Wewe unaona mrushaji anaingia na watu kwenye besi, mi naona mpira unapita kushoto kwa Geno. Mara nyingi ni mchezo huo huo mmoja.

Kesho Athletics wanakuja nyumbani, mechi tatu. Nimeshachukua tiketi ya Jumapili, nitapanda treni pale Angle Lake. Mzee wa Tukwila ukija nitafute upande wa besi ya tatu.

mama_amani253:

Siku ya Mungu tutakuja na sisi, mutoto ananisumbua anataka kumuona Cal akivunja ile rekodi. Tutakaa kule nje nyuma ya ukuta wa kushoto na glovu yake, maana huko njo mipira inaangukaga.